Supu ya Kigiriki ya kuku na limao: kwanini mayai yanakatika

Swali: "Shikamoo mpishi. Mimi niko Mbeya. Zamani nilifanya kazi kwa mama mmoja wa Kigiriki kule Arusha, alikuwa anapika supu ya kuku yenye mayai na limao, nzito kidogo, rangi ya njano iliyopauka, laini kabisa, nikishikwa na mafua ananipa bakuli. Hakuwahi kunifundisha na mimi sikuuliza. Sasa nimejaribu mara tatu. Mara mbili za kwanza mayai yalikatika, yakawa vipande vipande vinaelea kwenye maji. Ya tatu ilikubali, ila nikairudisha jikoni ichemke vizuri ikakatika tena, na iliyobaki nikailaza kwenye sufuria, kesho yake ilikuwa ya kijivu na ina ladha ya chuma, watoto wakaikataa. Nakosea wapi? Na nikitumia ndimu badala ya limao ni sawa?"

Marahaba dada yangu. Kwanza pole, maana hapo kuna kuku watatu na mayai karibu kumi yamepotea, na bei ya kuku wa kienyeji saa hizi tunaijua. Ila nimefurahi sana kupata hili swali kwasababu hii supu mimi ndo imenilisha miaka mingi, nilikuwa Athens, mtaa wa Kypseli, nafanya kazi kwenye jiko la mgahawa mdogo wa familia, na wiki nzima ya baridi hakuna siku ilipita bila kuipika.

Jibu lako umeliandika mwenyewe: "nikairudisha jikoni ichemke vizuri." Hapo ndo ilipoharibikia. Na nadhani najua kwanini mkono wako ulikutuma hivyo, ni tui la nazi. Sisi tumefundishwa na mama zetu kwamba tui ukilimimina kwenye mchuzi ukaliacha limekaa linakatika, kwahiyo unashika upawa unapawaza, unachota juu unamwaga, unachota unamwaga, mpaka lichemke, na likishachemka huku linapawazwa basi umepona, unaweza kwenda kukata kachumbari. Sasa yai linataka upawa uleule na uvumilivu uleule, ila mwisho wake ni kinyume kabisa: ukilisubiri lichemke ndo umeliua. Mchuzi wenye mayai unapawazwa ukiwa umetulia, nje ya moto, na hauchemki tena mpaka unaliwa. Ukilishika hilo moja umeshapika nusu ya supu.

Wenyewe wanaiita avgolemono, avgo ni yai, lemoni ni limao, na ikiwa ya kuku ni kotosoupa avgolemono. Na kitu kilichonishangaza siku ya kwanza ni kwamba Mgiriki supu ikimharibikia anasema "ekopse", maana yake imekata, yaani neno lilelile tunalosema sisi maziwa yamekatika, tui limekatika. Nilipolisikia nikaelewa kwamba hawa watu wanaogopa kitu kilekile tunachokiogopa sisi, wanakiogopa tu kwenye sufuria nyingine.

Sasa nikueleze kinachotokea mle ndani maana ukikijua hutahitaji kukariri. Yai ni maji yenye nyuzinyuzi ndogo za protini zilizojikunja, kila moja imejikunyata peke yake. Ukizipasha moto zinajikunjua na kuanza kushikana. Zikishikana polepole na kwa kulegea zinashika maji ya supu katikati yake, supu inakuwa nzito na laini kama ulivyoikumbuka. Zikishikana kwa haraka na kwa nguvu zinajibana zenyewe kwa zenyewe na kuyakamua maji nje, ndo unapata vile vipande na maji maji pembeni. Kiini kinaanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 hivi na kikifika 70 kimeganda, na ukikichanganya na mchuzi kinavumilia zaidi kidogo, lakini mchuzi unaotokota uko karibu na nyuzi 100, na hata huko kwenu Mbeya juu, ambako maji yanachemka mapema kwenye nyuzi 94 hivi, bado ni mbali sana na pale yai linapoweza kuvumilia. Kwahiyo yai likidondoka kwenye mchuzi unaochemka linaganda kabla hata upawa haujazunguka mara moja.

Kinacholisaidia yai ni wanga. Wanga wa mchele ukishatoka ukasambaa kwenye mchuzi unakaa katikati ya zile protini na kuzizuia zisikimbiliane. Ndo maana hii supu haipikwi bila mchele au ile tambi ndogo ya umbo la punje wanayoiita kritharaki. Mayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 wakahamia Thessaloniki na kisiwa cha Rhodes wana ndugu wa huu mchuzi, unaitwa agristada, wao wanapiga mayai na limao pamoja na unga kidogo kabisa, na kwasababu ya ule unga wanaweza kuupika juu ya moto wenyewe mpaka uwe mzito bila kukatika. Na hao wa Rhodes wengi walihamia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kwahiyo upishi wa mayai na limao uliingia kwenye mji wa Waswahili wenzetu wa Katanga zamani sana. Hata huyo mama uliyemfanyia kazi Arusha hakutoka hewani, Wagiriki walikuwa wengi Tanganyika enzi za mkoloni, kwenye mashamba ya katani, kahawa na tumbaku.

Haya tuingie jikoni.

Kuku. Hapa umemshinda Mgiriki wa mjini bila kujijua, kwasababu wazee wa kule wanakwambia supu ya kweli ni ya kota, yaani tetea mzee aliyeshataga mpaka akachoka, na mjini wanamtafuta hawampati, wanaishia kuku wa kisasa wa supamaketi. Wewe huko Mbeya unaye. Tetea wa kienyeji wa kilo moja na robo mpaka moja na nusu akishanyonyolewa, msafishe, usimkaange, usimpake tangawizi wala kitunguu saumu wala masala yoyote, najua mkono utawasha ila jizuie, hii supu inasimama kwa kuku na limao tu na ukiweka tangawizi inakuwa supu nyingine. Mweke mzima kwenye sufuria kubwa, maji ya baridi lita 3, kitunguu maji kimoja kizima umekimenya, karoti moja, bua la seleri kama lipo, punje kumi za pilipili manga, chumvi kijiko cha chai kimoja kwanza, utaongeza baadae.

Washa moto wa kati. Kabla hayajachemka litapanda povu la kijivu, hilo litoe lote kwa upawa, usiwe mvivu hapo, mimi nilikuwa nasimama na bakuli la maji pembeni nasuuza upawa kila nikichota. Povu likiisha teremsha moto uwe mdogo kabisa, mchuzi uwe unapumua tu, kapovu kamoja kanapanda hapa kengine pale. Ukiuacha utokote kwa nguvu mafuta yanapigwapigwa yanachanganyika na mchuzi unakuwa na ukungu na ladha ya mafuta mdomoni. Kuku wa kienyeji anataka saa mbili, huko kwenu kwa ule urefu wa milima na ubaridi weka mbili na nusu, wewe mwenyewe unajua maharage yanavyowachelewesha. Ukiwa na presha kuka dakika 45 zinatosha ila acha ipoe yenyewe usiifungue kwa nguvu. Kuku wa kisasa dakika 50 mpaka saa moja anaiva, na mchuzi wake ni mwepesi, kwahiyo ukimtumia punguza maji yawe lita 2 na robo na muongezee miguu na shingo za kuku, miguu ile ina ulimbo unaofanya mchuzi ushike mdomo.

Akiiva mtoe, chuja mchuzi, engua mafuta ya juu ila usiyamalize yote, acha yale macho madogo madogo ya dhahabu, ndo harufu ya kuku ilipo. Ubaki na mchuzi lita 2 hivi. Kuku mchambue kwa vidole, ngozi na mifupa weka pembeni, nyama uifunike isikauke. Onja mchuzi sasa hivi, kabla ya mchele, na weka chumvi mpaka uone ni mtamu kunywa wenyewe kikombe kizima. Usije ukafikiri limao litauokoa mchuzi uliopooza, halitaokoa, litakupa maji machachu basi.

Mchele. Wagiriki wanatumia mchele mfupi mfupi unaoshikana. Hapo Mbeya una mchele wa Kyela na najua unaujua kuliko mimi, ila kwa hii kazi nakushauri nunua chenga. Ndio, chenga zile ambazo watu wanaziona za uji na vitumbua. Chenga imevunjika kwahiyo inatoa wanga haraka, na wanga ndo unaoutaka, na bei yake ni nafuu. Robo tatu ya kikombe, gramu 150 hivi, usiioshe mpaka maji yatoke safi kabisa, suuza mara moja tu utoe vumbi na vijiwe. Tia kwenye mchuzi unaochemka, koroga, acha dakika 20 mpaka 25 mpaka punje ziive zilegee kabisa na mchuzi uanze kuwa mzito kidogo kama maji ya wali. Mkononi, ukiinua upawa, mchuzi unateleza badala ya kudondoka kama maji. Kama ni chenga kubwa au mchele mzima ongeza dakika tano. Katika zile mara mbili za kwanza nahisi mchele uliutia ukautoa haraka uwe wa kuchambuka kama wa pilau, au ulikuwa kidogo mno, wanga haukutoka, yai likakosa pa kujificha.

Limao sasa, na swali lako la ndimu. Limao lao ni lile la njano lenye ganda laini, chachu yake ni safi na lina harufu ya maua kidogo, kuna mahali ng'ambo ya kisiwa cha Poros wanapaita Lemonodasos, msitu wa malimao, mteremko wa miti ya malimao, ukipita wakati imechanua harufu inakufuata mpaka kwenye boti. Kwetu sokoni limao tunalopata mara nyingi ni lile kubwa lenye ganda la mabonde mabonde na mbegu nyingi, nalo linafaa vizuri tu, ila lina maji mengi na uchachu umepoa kidogo. Ndimu inaweza, ila jua inabadilisha supu: ndimu ni kali zaidi na ina ule uchungu mwembamba unaobaki nyuma ya ulimi, ukiitumia punguza, kama ulitaka vijiko 6 vya mezani vya limao weka 4 vya ndimu alafu uonje. Mimi nikiwa Tanga nikikosa limao nachanganya, ndimu moja na chungwa bichi robo, na inakubali.

Kukamua: bingirisha tunda kwenye meza ukilibana kwa kiganja, kata, kamua kwa mkono juu ya chujio mbegu zisipite. Usilisokote mpaka ganda linyooke, ile nyama nyeupe ya ganda ndo yenye uchungu, na mbegu ikipondwa ni hivyohivyo. Na kamua dakika ileile unayotaka kutumia. Unataka vijiko vya mezani 5 mpaka 6.

Mayai matatu. Yatoe kwenye friji nusu saa kabla. Ya kienyeji ni bora kwa rangi, kiini cha kienyeji kinaipa supu ile njano uliyoikumbuka, ya kisasa mengi viini vyake vimepauka na supu itakuwa karibu nyeupe, ladha haitakuwa mbaya ila usije ukadhani umekosea. Wengine wanatumia viini vitupu, inakuwa nzito na tajiri zaidi, wengine wanatenganisha ute wanaupiga mpaka unakuwa povu gumu alafu wanarudisha viini, supu inatoka na povu juu kama ya kapuchino. Kwa kuanzia piga mayai mazima, ukishazoea ucheze na hayo mengine.

Sasa hapa naomba usome polepole. Mchele ukiiva, ZIMA jiko. Sio kupunguza moto, zima, na sufuria itoe kwenye jiko kabisa uiweke kwenye kibao au kata ya kitambaa, maana chuma cha jiko bado kina moto wake. Iache bila mfuniko dakika tano. Ndani ya hizo dakika tano ndo unapiga mayai, sio kabla. Bakuli la kioo, la udongo au la stenlesi, vunja mayai matatu, piga kwa mchapo au uma dakika mbili nzima mpaka hakuna uzi wa ute unaoning'inia kwenye uma, ukiona uzi endelea, ule uzi ndo utakaokuja kuwa kipande cheupe kwenye supu. Yakishakuwa na povu mimina limao kidogo kidogo huku unapiga. Usiweke limao ukaenda kuangalia simu, limao likikaa na yai bila kupigwa linaanza kulikaza.

Chota upawa mmoja wa mchuzi, juu juu bila mchele. Mkono wa kulia unapiga mayai, wa kushoto unamimina, na unamimina kama unaweka mafuta kwenye kibatari, uzi mwembamba kabisa. Upawa wa kwanza uchukue nusu dakika nzima. Wa pili unaweza kwenda haraka kidogo. Wa tatu hivyohivyo. Shika bakuli kwa nje na kiganja, mwanzo lilikuwa la baridi, sasa ni vuguvugu, baada ya upawa wa tatu linakuwa la moto ila unaweza kulishika ukahesabu mpaka tano. Hapo mayai yamezoea. Hii ndo kazi yenyewe, kuyazoesha mayai joto kabla hayajaingia nyumba yenye joto.

Kule mgahawani kulikuwa na mama mwenye jiko, tulikuwa tunamwita kiria, yaani mama kwa heshima, mtu wa kijijini upande wa Patra, na wakati wa kumimina alikuwa anapiga busu hewani, mwa, mwa, mwa, na aliniambia mama yake na bibi yake walifanya hivyo ili mayai yasikate. Nilidhani ni mila tu, baadae nikaanza kufanya na mimi nikagundua kwamba kila busu linakufanya usimame kidogo na kupumua, mkono hauendi mbio. Nakusihi ufanye.

Na nikwambie kilichonifundisha. Majira ya baridi ya kwanza nilikuwa peke yangu mchana, wateja wamejaa, sufuria ya lita 20 iko kwenye moto, nikaona huyu kiria anachelewesha mambo na upawa wake, nikapiga mayai thelathini nikayamwaga yote kwa mpigo kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota. Kulikuwa kimya sekunde mbili alafu nikaona supu inafunguka, maji ya njano chini na vipande vyeupe vinapanda juu kama pamba. Kiria akaja, hakupiga kelele, akachota kijiko akaonja, akanipa na mimi nionje, akasema ladha ipo, ulichopoteza ni ulaini. Alafu akanionyesha namna ya kuiokoa, na hilo nalo nakupa maana linaweza kutokea tena: zima moto, chuja mchuzi wote, mchele na nyama weka pembeni, ule mchuzi na vipande vyake utie kwenye blenda ukiwa umepoa kidogo, mfuniko usiuzibe kabisa mvuke upate pa kutokea, saga dakika moja, rudisha kwenye sufuria na kijiko kimoja cha konflawa (ule wanga mweupe wa mahindi) iliyokorogwa na maji ya baridi, pasha taratibu huku unakoroga. Haiwi ile hariri ya mwanzo ila inanyweka, na siku ile watu waliimaliza.

Turudi. Mayai yamezoea, sasa yamimine yote kwenye sufuria, taratibu, huku mkono mwingine unapawaza, sufuria bado iko nje ya moto. Utaiona supu inageuka rangi mbele ya macho, kutoka maji maji yenye macho ya mafuta inakuwa njano ya maziwa, na inaanza kushika upawa. Subiri dakika mbili tatu, itaendelea kuwa nzito yenyewe. Ikionekana nyepesi bado, irudishe kwenye moto mdogo kuliko wote ulionao, koroga bila kuacha dakika mbili, angalia ukingo wa sufuria, ukiona mvuke unaongezeka na kapovu kamoja kadogo kanajitokeza pembeni, toa. Hako kapovu ni onyo. Kama jiko lako la gesi moto wake mdogo bado ni mkubwa, weka bati au frying pani ya chuma chini ya sufuria.

Kama roho bado inakudunda, kuna kinga: korogea kijiko kimoja cha chai cha konflawa kwenye limao kabla hujalitia kwenye mayai. Wagiriki wenyewe wanafanya hivyo migahawani na wao wanaiita vilevile, korn flaouer. Wapo wazee watakaokuambia sio ya asili, mimi nakuambia kwa mara mbili za kwanza itumie, mkono ukishajua njia utaiacha. Na kama kuna mjamzito, mtoto mchanga aliyeanza kula au mzee mgonjwa nyumbani itumie kila unapoipika, maana itakuruhusu kuifikisha supu nyuzi 71 na zaidi bila kukatika, na kwa hao ni lazima yai liwe limepata joto la kutosha. Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo, kinunue kama unaweza.

Ile rangi ya kijivu na ladha ya chuma sio kosa la mayai, ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni aluminiamu tupu, na limao na aluminiamu hazipatani, asidi inakula chuma kidogo kidogo na chuma kinaingia kwenye chakula, na supu ya yai ni nyepesi rangi kwahiyo inaonyesha haraka. Kuchemshia kuku na mchele kwenye sufuria hiyo hakuna shida, limao bado halijaingia. Tatizo ni wewe kulaza supu yenye limao humo usiku kucha. Ukishaweka avgolemono ihamishie kwenye chombo cha stenlesi, hotpoti ya ndani ya chuma cha pua au bakuli la udongo, na mayai na limao usiyapigie kwenye kibakuli cha aluminiamu hata siku moja.

Nyama uliyochambua wengine wanairudisha ndani, wengine wanaiweka sahani ya pembeni na mafuta ya zeituni na chumvi, mimi napenda nusu kwa nusu. Juu ya bakuli pilipili manga iliyosagwa saa hiyohiyo, nyingi, na limao jingine mezani kwa anayetaka uchachu zaidi. Mkate wa kawaida unatosha, chapati ni nzito mno kwa hii. Ukishaipatia hii mlango umefunguka, mchuzi uleule wa mayai na limao wanaumimina kwenye vinyama vya mviringo vyenye mchele ndani, youvarlakia, na kwenye kabichi iliyofungiwa nyama, na usiku wa kuamkia Pasaka, wakitoka kanisani saa sita usiku baada ya mfungo mrefu wa kukaa bila nyama, wanafungua na magiritsa, supu ya maini, mapafu na utumbo wa mwanakondoo na majani ya saladi na dili, nayo inamaliziwa na avgolemono. Kwa mtu anayeijua supu ya utumbo kama sisi hiyo haitakuwa ngeni, limao tayari tunatia, kilichobaki ni yai.

Kuhusu kubaki. Usiipashe hii supu kama unavyopasha maharage. Na mchele ukilala unanyonya mchuzi wote, asubuhi unakuta bokoboko. Kwahiyo fanya hivi: Jumamosi chemsha kuku wako, mchuzi ukishachujwa ugawe, nusu tia mchele na mayai mle siku hiyo, nusu nyingine acha mchuzi mtupu bila yai bila limao bila mchele, upoe haraka, uweke kwenye friji na unakaa siku tatu bila wasiwasi. Jumatatu jioni ukirudi umechoka na baridi ya Mbeya, mchuzi unachemka, chenga konzi mbili, dakika ishirini, zima, dakika tano, mayai mawili, limao moja, upawa wa kwanza polepole.